Riwaya yangu imetoka, maboksi yamejaa chumbani: wasomaji nitawapataje?

*"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mwezi wa tatu nilichapa riwaya yangu ya kwanza kwa fedha zangu, nakala 500, ikanigharimu milioni mbili na laki nne pamoja na kava. Inahusu familia ya wakulima wa zabibu wa Mpunguzi ambao shamba lao linaingia kwenye upimaji wa viwanja. Nauza 10,000. Mpaka sasa zimetoka kama 70, karibu zote kwa ndugu, walimu wenzangu na watu wa jumuiya yetu. Kava nimelirusha kwenye magrupu yote ya WhatsApp niliyomo. Watu wanaweka dole gumba na 'hongera sana mwalimu', hanunui mtu. Duka moja la mjini lilichukua nakala 20, kila nikipita naambiwa bado. Kuna anayenishauri nifanye uzinduzi na mgeni rasmi, na mwingine anataka laki tatu aniingizie kitabu mashuleni. Wengine wanasema Watanzania hawasomi, niachane nayo. Naogopa pia kuweka hata sura moja mtandaoni, wasije wakaiba. Nambatanisha kurasa za mwanzo. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwalimu. Kurasa ulizonitumia nimezisoma zote, na nitazirudia hapa chini, kwa sababu dawa ya tatizo lako imo humo humo ndani ya kitabu.

Tuanze na hao 70. Wengi wao walimnunua mwalimu, hawakuinunua riwaya. Si jambo baya, kila mwandishi anaanzia kwa watu wake, lakini usilichukue kama kipimo cha soko, na wala usivunjike moyo kwamba limeishia hapo. Watu wanaokufahamu wana mwisho. Swali ninalotaka ujiulize ni moja: kati ya hao 70, wangapi wamekisoma mpaka ukurasa wa mwisho? Wapigie. Kama waliomaliza ni 15, basi kitabu chako kina wasomaji 15 na wateja 55, na kazi inaanza na wale 15.

Hilo la Watanzania hawasomi ningependa uliweke pembeni kabisa. Magazeti yetu yameuza kwa miaka mingi kwa sababu ya hadithi za kuendelea. Mtu alinunua gazeti la wiki kwa ajili ya kujua yule dada alifika salama au la. Leo hadithi hizo zimehamia kwenye simu. Pita kwenye magrupu ya simulizi uone watu wanavyokesha wakidai sehemu inayofuata, na wanavyotuma elfu moja au elfu mbili kwa simu ili wamaliziwe. Vitabu vya dini vinauzwa nje ya makanisa na misikiti kila wiki. Watu wanasoma. Wanachokwepa ni kutoa shilingi 10,000, fedha inayokaribia kilo ya nyama, kwa ajili ya kitu ambacho hawajui kama kitawapendeza, kutoka kwa mtu ambaye hawajamsikia. Ukikaa upande wao utaona wana haki.

Mtu anayekutana na kitabu cha mwandishi mgeni hujiuliza, hata kama hasemi, kinanihusu nini na nani amekisoma akakipenda. Kava peke yake halijibu lolote kati ya hayo. Linasema kwamba kitabu kipo. Ndiyo maana ukapata dole gumba: watu walipokea taarifa, wakakupongeza kwa taarifa. Ukirusha kava hilo hilo mara kumi zaidi utapata pongezi chache kuliko mwanzo, na admini mmoja au wawili watakuondoa.

Sasa turudi kwenye kurasa zako. Ukurasa wa 11 wapimaji wanasimika bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja, katikati ya shamba, na kesho yake babu anaichukulia jembe. Mwalimu, hapo ndipo nilipoacha chai ipoe. Nusu ya Dodoma inalijua jambo hilo. Jiji limepanuka, serikali imehamia, mashamba yamekuwa viwanja, na kila ukoo una habari yake ya bikoni. Wewe umekaa na kitu hicho ndani ya boksi, halafu kwenye magrupu umeandika: "Kitabu kipya kimetoka! Jipatie nakala yako sasa kwa 10,000 tu. Mungu abariki kazi za mikono yetu." Ujumbe huo ungeweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, hata cha hesabu. Jaribu huu:

*"Wapimaji walipoondoka, bikoni ilibaki katikati ya mstari wa saba wa zabibu. Asubuhi babu alichukua jembe akaipalilia pande zote nne, kama anavyopalilia mche. Hakuna aliyemuuliza."*
*Riwaya mpya ya Mpunguzi. Ukitaka sura ya kwanza andika SURA, nakutumia bure. Kitabu kizima ni 10,000. Dodoma mjini kinakufikia ulipo, mikoani kinakuja kwa basi.*

Maneno hayo ni yako, nimeyakata tu. Msomaji ameonja sauti yako, amejua ni habari ya wapi, na umempa hatua ndogo ya bure kabla ya ile ya kulipia. Anayeandika SURA amejitambulisha kuwa ni msomaji. Namba yake ihifadhi, na baada ya siku tatu muulize kwa adabu ameionaje. Usianze kwa kumuuliza atalipa lini. Andaa matoleo manne au matano ya ujumbe wa namna hii, kila moja na kipande chake, uyatoe kwa nafasi. Kimoja kiwe cha kucheka, maana mazungumzo ya shangazi na mwenyekiti wa mtaa yanachekesha kweli.

Woga wa kuibiwa naujua, waandishi karibu wote wanao. Kisheria kazi yako imelindwa tangu ulipoiandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutaki ujisajili kwanza ndipo uwe na haki, na ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni vizuri kwa sababu kunakupa ushahidi siku ya mgogoro, kwa hiyo kasajili. Lakini tofautisha wizi na kuonja. Faili la kitabu kizima usimtumie mtu yeyote kwa simu, hata rafiki, maana likishatoka halirudi. Sura ya kwanza ni jambo jingine: weka jina lako na namba yako ya simu chini ya kila ukurasa, imalizie mahali ambapo msomaji atataka kuendelea, halafu omba Mungu isambae. Mtu akiirusha kwenye magrupu ishirini amekufanyia kazi ambayo ungeilipia. Kwa mwandishi ambaye hajajulikana, hatari kubwa ni kutosomwa kabisa.

Inayofuata itakuuma kidogo. Tenga nakala 30 za kutoa bure. Fanya hesabu kabla hujakataa: nakala moja imekugharimu 4,800, kwa hiyo 30 ni 144,000, chini ya nusu ya laki tatu anazotaka yule bwana wa mashuleni. Ili urudishe milioni mbili na laki nne unahitaji kuuza nakala 240 kwa bei kamili. Umeshauza 70. Ukitoa 30 bado una 400 mkononi, na unahitaji 170 tu za kukurudishia fedha yako.

Nakala hizo usiwapelekee wakubwa. Mkubwa atapokea, mtapiga picha, na kitabu kitalala kwenye gari. Wape watu ambao wanasoma na wanaongea. Mkutubi wa Maktaba ya Mkoa, kwa kuwa huulizwa kila siku "kuna kitu kipya?" Mtangazaji wa redio za hapa mwenye kipindi cha jioni kinachopokea simu, mwambie kabisa mada ni bikoni, simu zitaingia zenyewe. Mhadhiri mmoja wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mwingine wa Chuo Kikuu cha St. John's, na wanafunzi wawili watatu wa CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu, kwani mwanafunzi wa fasihi akikipenda kitabu atakibishania bwenini mpaka usiku. Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Kinyozi au msusi anayesoma, na wapo, waulize wateja wao. Halafu wale 15 wako waliomaliza: hao wape nakala ya pili, wampe mtu mmoja wanayemwamini.

Kila unayempa mwombe kitu kimoja. Usiombe sifa. Mwambie: "Ukimaliza, nitumie sauti ya dakika moja, useme kilichokugusa na ambacho hukukipenda." Sauti ya mtu wa kawaida, yenye kigugumizi chake na lafudhi yake ya Kigogo au Kirangi, akisema "pale kwa babu nilisimama kwanza", inauza kuliko bango lolote la rangi. Omba ruhusa yake, iweke stetasi na kwenye magrupu. Watakaokosoa wasikilize bila kujitetea. Na usimwandikie mtu maneno ya kusema, wala usilipie maoni: wasomaji wetu wanaitambua sifa ya kulipwa kwa haraka sana, na wakishaitambua hawakurudii.

Baada ya hapo chagua mahali na wakati. Una bahati ya kuishi Dodoma. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linajaza mji. Wageni wako kwenye nyumba za wageni na migahawa jioni nzima, mbali na familia zao, wanatafuta kitu cha kufanya. Nane Nane pale Nzuguni wanakuja wakulima, na zabibu na mvinyo vina mabanda yao: omba kona ya meza kwa mtu anayeuza bidhaa za zabibu, kitabu chako kikae pembeni ya chupa. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki. Shule, vyuo na maktaba huwa zinatafuta mtu wa kuzungumza siku hizo, na mara nyingi hawana. Peleka barua mapema. Watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanaokaa kwenye mabasi asubuhi na jioni nao ni wasomaji, mfikie mmoja kila wizara, mwenye grupu la ofisi.

Na Mpunguzi kwenyewe. Umeandika habari zao; wameiona? Nenda Jumapili moja, ukae na watu chini ya mti, usome kurasa mbili kwa sauti. Wengi pale hawatatoa elfu kumi siku hiyo. Lakini watoto wao wako mjini na Dar es Salaam, na simu zitapigwa.

Hapo naingia kwenye uzinduzi. Nakupa pande zote mbili. Uzinduzi wenye mgeni rasmi unaweza kukurudishia fedha: mgeni rasmi ananunua nakala 20 kwa laki tano, waliomzunguka wanafuata kwa aibu, na jioni moja deni la mchapaji limeisha. Kama ulikopa na marejesho yanakubana, sitakuzuia. Lakini ukumbi, muziki, maji, chakula na vitenge vya sare vinaweza kumeza yote hayo, na nakala zilizonunuliwa kwa heshima husomwa na wachache. Kama utafanya, bajeti yake iandike kabla hujamwalika mtu, asome mtu kurasa za kitabu kwa sauti (nimehudhuria uzinduzi ambao hakikusomwa hata kipande kimoja), na mgeni rasmi umwombe nakala anazonunua aziache kwa maktaba za mkoa na wilaya, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, popote zilipo. Kwa fedha yako ya sasa mimi ningechagua kikao cha watu 20 maktaba, viti vya duara, kurasa tatu zinasomwa, maswali, halafu meza ya kuuza mlangoni. Ukipenda unakirudia kila mwezi mahali tofauti.

Duka lililokutuliza na "bado" halina nia mbaya. Umewapa mali kauli. Mwenye duka hajatoa senti, kwa hiyo hana kinachomsukuma, na riziki yake anaipata Januari kwenye vitabu vya kiada na madaftari. Pita uombe kuviona vilipo. Ukivikuta bado vimefungwa kamba chini ya kaunta, chukua 15, acha 5, na viwekwe vinapoonekana. Andikeni karatasi ya mistari michache: idadi, bei ya kuuzia, asilimia yake, tarehe ya kuhesabu, sahihi mbili. Akitaka asilimia 30, wewe unapata 7,000 na faida yako ni 2,200 kabla ya nauli, kwa hiyo usisambaze nakala madukani kumi ukidhani ndiyo mauzo. Duka litakufaa pale watu watakapoanza kuingia wakikiulizia kwa jina, na watakiulizia kwa sababu ya zile sauti za dakika moja.

Yule wa laki tatu usimpe. Kitabu cha ziada hakiingii shuleni kwa mlango wa mtu. Kinapelekwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kukaguliwa kabla ya kupata ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni. Ada yoyote halali ya serikali inalipwa kwa kontrol namba, haiendi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukitaka njia hiyo, waulize TET wenyewe masharti na muda, na ukubali kwamba riwaya ya watu wazima huenda isifae, bila kuwa na kasoro yoyote. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, wanafunzi wako usiwauzie. Mtoto hawezi kumkatalia mwalimu wake, na mzazi akilalamika kitabu kitakuwa na jina baya kabla hakijasomwa.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, kama hukuichukua, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anza kwa kuuliza Maktaba ya Mkoa. Itakusaidia kwa maktaba na maduka makubwa, haitakuletea msomaji. Malipo yafanye mepesi: lipa namba moja, yenye jina linalofanana na la kwenye kava, ili mtu asisite. Kwa wa mikoani, gharama ya basi itaje mwanzoni, usimshtukize mwisho.

Yapo mambo ambayo jibu langu halitoshi, ukae na mtu ana kwa ana. Akitokea mtu anayetaka kukitengenezea filamu, tamthilia ya redio au simulizi ya sauti, usisaini chochote siku hiyo, hata akikupa fedha taslimu. Mpelekee mwanasheria au uende COSOTA na karatasi yenyewe, uulize unauza nini hasa, kwa muda gani. Nakala zikianza kuachia kurasa, zikusanye urudi kwa mchapaji nazo mkononi, picha za simu hazitoshi. Na wale waliokinunua wasimalize, waulize waliachia ukurasa gani. Wengi wakitaja sehemu moja, tafuta mhariri mkae naye mezani kabla hujafikiria kuchapa tena. Katika kurasa zako nimeona mwenyewe kwamba ukurasa wa 19 hadi 23 baba anaeleza historia ya ardhi kwa kirefu, na hakuna anayemjibu. Sijui riwaya inaendeleaje, ila hapo pangalie.

Mauzo ya vitabu vya kujichapishia huenda polepole, kwa hiyo usihesabu kwa wiki. Nunua daftari dogo. Kila anayenunua ambaye humfahamu, andika jina, mtaa, na jibu la swali moja: "Umekisikia kwa nani?" Baada ya miezi michache utaona majina fulani yanajirudia, huenda ni msusi wa Chang'ombe, huenda ni mwanafunzi mmoja wa UDOM. Hao ndio wanaokutembezea kitabu bila kulipwa. Wapelekee nakala nyingine mbili mbili za kuazimisha, na cha pili utakachoandika wakisome kikiwa bado mswada.